Mafiga Matatu na Farasi wa Mbao

Mazungumzo ya redio kwa jamaa zilizokimbia vita, kwa jamaa zilizowapokea, na kwa viongozi wa kartie za Butembo na Beni



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya matembezi ya watoto. Ni siku moja tu, kutoka asubuhi mpaka saa tisa, nje ya mji, pamoja na kuni, sufuria na kitu cha kupanda. Najua kuna wengine watakaofunga redio sasa hivi. Watasema: sisi tunalala bila kula, na huyu anatuletea mambo ya michezo. Ninawaomba mngoje kidogo. Mimi mwenyewe nilisema maneno hayo hayo wakati jambo hili lilipoletwa kwetu mara ya kwanza.

Mnajua namna tunavyoishi. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014, mauaji yalipoanza Beni na pembeni yake, watu wa Eringeti walishuka Oicha, watu wa Oicha wakaja Beni, na wa Beni wakaja Butembo. Halafu mwezi wa sita wa 2024, Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23, wengine wakafika kutoka upande wa kusini: watu wa Kanyabayonga, wa Kayna, wa Kirumba. Hivi leo unaweza kuingia katika kiwanja kimoja cha Butembo ukakuta jamaa tatu, choo kimoja na bidoni nne za maji. Mwenye kiwanja hakuomba kodi mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu alianza kukaa kimya, na mwezi wa sita alianza kusema peke yake usiku, akidhani watoto wamelala.

Watoto hawakuwa wamelala. Ndiyo sababu asubuhi, kwenye chanzo cha maji, mtoto wa mwenye kiwanja anamwambia mwenzake: “Ninyi ndio mnamaliza maji.” Na mwingine anasema: “Vita inawafuata ninyi.” Maneno hayo hayakuzaliwa katika kichwa cha mtoto wa miaka tisa.

Basi, hadithi yetu ilianza kwa simu. Mtoto mmoja wa kartie yetu aliona katika simu ya mjomba wake picha za watoto wa Ulaya katika siku ya matembezi. Walikuwa wanapika chakula nje juu ya moto na kupanda farasi. Alileta habari hiyo kwa wenzake, na Jumapili baada ya ibada kundi zima lilikuja kuuliza: sisi tutapanda farasi lini?

Nilicheka. Wengi wa watoto hao hawajaona farasi kwa macho, na kuna sababu. Farasi ni mnyama anayeshindwa upesi na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung’o, na mbung’o wako katika bonde la Semliki na katika pori. Hata Wabelgiji, walipotaka mnyama wa kuvuta mizigo kule Uele, hawakumtegemea farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walianza kukamata tembo wachanga huko Api, na baadaye Gangala na Bodio, wakawafundisha kuvuta magari na majembe. Niliwaambia watoto habari hiyo nikidhani nimemaliza neno. Mmoja akauliza kama tunaweza kupata tembo.

Aliyetupatia jibu alikuwa kijana wa miaka kumi na miwili, aliyetoka upande wa Kirumba na jamaa yake. Alisema polepole: “Baba alikuwa na chukudu.”

Wandugu, ninyi nyote mnajua chukudu. Ni ubao mrefu wenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa kipande cha mpira wa gari, usukani kama pembe za ng’ombe, na pahali pa kuweka goti. Imebeba makala yetu, viazi vyetu, mihogo yetu, mbao zetu, tangu wazazi wetu. Goma waliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya njia. Na wakati wa kukimbia imebeba magodoro, mbuzi, na bibi waliokuwa hawawezi tena kutembea. Chukudu ya baba yake yule kijana ilibaki njiani gurudumu lilipovunjika. Tukasema, basi, farasi wetu ni huyo. Tuliazima chukudu mbili, moja kwa mchoma makala na nyingine kwa mzee anayebeba viazi siku za soko.

Sasa nisikilizeni vizuri juu ya matayarisho, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Kwanza tulimwendea mkuu wa kartie, naye akamjulisha burgumesta na polisi. Hii si adabu tu. Moshi unaoonekana mlimani siku hizi unatisha watu, na watu wanaokimbia moshi wanaweza kukanyaga watoto. Ilikuwa lazima kila mtu ajue: Jumamosi, saa fulani, mlima fulani, moshi ule ni wa maharage. Tulichagua mlima wa karibu upande wa Bulengera, palipo shamba la mikaratusi, mahali ambapo watu wanalima kila siku. Hatukwenda pahali palipo na uzuri mkubwa, tulikwenda pahali panapojulikana. Wazee wawili walitangulia siku moja mbele, wakatembea uwanja wote na kuuangalia. Na kabla ya kuondoka kila mtoto aliambiwa: chuma usichokijua usikiguse, simama, ita mtu mkubwa.

Kulikuwa na mama mmoja aliyetoka karibu na Oicha. Ana watoto wawili, zamani alikuwa na watatu. Alikataa. Alisema: “Mtoto wangu haendi pahali nisipomwona.” Mmoja wa waalimu wetu alianza kumweleza namna matembezi yanavyofaa kwa watoto, na mama akamwangalia tu. Ninawaambia viongozi: mama kama huyo msimwite mjinga, wala msimwambie kwamba ana hofu ya bure. Yeye anajua jambo ambalo sisi hatukuliona. Tulifanya kitu kimoja tu. Tulimwomba aje naye. Halafu tukaona ni vema kila jamaa inayotaka ilete mtu mkubwa mmoja. Hivi tuliondoka saa mbili asubuhi, watoto 32 na watu wakubwa 11, na kila mtoto alibeba kitu: kuni mbili, kikombe cha chumvi, viazi, makemba, lenga-lenga, bidoni ndogo ya maji. Watoto wa wenyeji walikuwa 16, na wa waliokimbia 16.

Hapo nilikosa. Orodha ziliandikwa pahali pawili, na mimi niligawanya vikundi vya kupika kwa kufuata orodha. Tulipofika mlimani kulikuwa na mafiga ya wenyeji huku na mafiga ya wakimbizi kule. Nusu saa haikupita, nikasikia: “Wale wana mafuta, sisi hatuna.” Ilikuwa kweli. Niliona kiwanja chetu cha Butembo kimepanda mlima pamoja nasi.

Kuna habari moja ambayo ningepaswa kuikumbuka mapema. Mwaka 1907, Mwingereza mmoja aitwaye Baden-Powell, aliyekuwa mwanajeshi, alipeleka vijana karibu 20 kwenye kisiwa cha Brownsea kufanya kambi. Wengine walikuwa watoto wa shule za matajiri, wengine watoto wa wafanyakazi wa mji. Hakuwaacha wakae kila mtu na wa kwao. Aliwachanganya katika vikundi vinne vidogo, na kila kikundi kikala pamoja. Skauti walizaliwa hapo. Na kwetu Kivu, tangu miaka ya 1950, vijana wa Xaveri waliofundishwa na padri Georges Defour kule Bukavu wamefanya kazi ya namna hiyo, na wazazi wengi wanaonisikiliza walivaa skafu yao. Basi sikuwa na sababu ya kukosa. Nilisimama, nikawaambia watoto kwamba mimi nimefanya vibaya, tukaanza upya. Vikundi vinne, kila kimoja chenye watoto wanane, wanne wa huku na wanne wa kule. Mafuta yakagawanywa kwa kijiko.

Ndipo wakaanza kufundishana bila sisi kuwaambia. Watoto wa Lubero wanajua kiazi. Walichimba shimo dogo, wakaweka viazi chini ya majivu ya moto, na kuwakataza wengine kufunua kabla ya wakati. Watoto wa upande wa pori, kutoka Oicha na Eringeti, walitafuta majani ya migomba, wakayapitisha juu ya moto yalegee yasipasuke, wakafunga ndani yake ndagala na pilipili. Wa Butembo waliozaliwa karibu na soko walijua kupika kwa makala tu, na kupuliza kuni kuliwatoa machozi. Kwa mara ya kwanza mtoto aliyekimbia alikuwa na kitu ambacho mwenyeji alitaka. Mimi nilikuwa nimemwona mtoto huyo miezi saba akipokea tu: kupokea sabuni, kupokea unga, kupokea daftari. Sikujua kwamba anajua kupika samaki katika jani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikate shauri ya kuwaletea mazungumzo haya.

Mtu mmoja wetu, kwa nia njema, aliongeza kuni kwa kutia mianzi mikavu katika moto wa kikundi cha tatu. Mnajua mwanzi unafanya nini. Hewa imefungwa ndani, kati ya fundo na fundo. Inapopata moto, inatafuta njia. Mwanzi ulipasuka, paa! Halafu mara ya pili, paa! paa!

Watoto saba walilala chini. Hakuna aliyewaambia. Walilala kifudifudi, mikono juu ya kichwa, na mdogo kati yao alitambaa mpaka nyuma ya mti. Wenzao wengine wakacheka, kama watoto wanavyocheka mtu akianguka. Halafu kicheko kikakatika chenyewe, maana wale saba hawakuamka.

Sisi watu wakubwa tulisimama kama miti. Msichana mmoja mwenyeji, wa miaka kumi hivi, ndiye aliyesogea. Alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakisema maneno ya chanzo cha maji. Alikwenda akalala chini karibu na msichana wa kikundi chake, akaweka uso wake kwenye majani kama yeye. Hakusema kitu.

Na yule mama wa Oicha, aliyekuja ili asiache watoto wake kwa macho, akachukua panga. Akavuta kipande kimoja cha mwanzi kilichokuwa bado hakijaungua, akakaa chini katikati ya watoto, akawaita kwa sauti ya nyumbani: “Kujeni muone anayepiga kelele.” Walikuja mmoja mmoja. Akawaonyesha fundo, akapasua mwanzi kwa urefu, akawaonyesha utupu uliokuwa ndani. Halafu akatia vile vipande katika moto. Viliungua taratibu, bila sauti. Akamwambia mtoto wake: “Sasa pasua wewe.” Walipasua mianzi yote iliyobaki, kipande kwa kipande, watoto wa huku na wa kule, mpaka maharage yakaungua kidogo chini ya sufuria kwa sababu hakuna aliyekuwa akiyaangalia.

Ninawaomba, mkipeleka watoto, msitie mwanzi mzima katika moto. Msiwashe moto usiku, kwa maana wengi wao waliona nyumba zikiungua usiku. Waambieni mapema kwamba kutakuwa na moto, na asiyetaka kuukaribia apewe kazi ya kuosha lenga-lenga. Na mtoto akilala chini, msimvute mkono kumwinua.

Neno lingine, na hili nalisema kwa sauti ndogo. Katika kikundi kimoja kulikuwa na kijana aliyewasha moto haraka kuliko wote. Alichagua vijiti vikavu sana, vyembamba, na moto wake haukutoa moshi karibu hata kidogo. Tulipomaliza kula, alitawanya majivu, akafunika pahali kwa majani, na ungepita usingejua kwamba watu walipika. Mwalimu alitaka kumsifu mbele ya wote na kumwuliza alijifunza wapi. Nilimshika mkono. Wandugu, tangu siku za kadogo wa 1996 mpaka leo, vijana wetu wengi wamebeba mizigo na silaha za watu wengine porini. Mtoto akijua kuficha moto, usimwulize mbele ya wenzake. Mpe kazi ya moto. Akitaka kusema, atasema siku moja, kwa mtu anayemchagua yeye, na siku hiyo mtu huyo anyamaze na kusikiliza. Kijana huyo sasa ndiye mkuu wa moto wetu, na hatujamwuliza.

Kabla ya kula, kila mtoto alinawa mikono kwa ile ndoo yenye bomba ambayo tuliizoea wakati wa Ebola, kutoka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020. Siku zile tulikatazwa kushikana mikono, na tulijifunza kuogopa sahani ya jirani. Kuona mikono minane katika sinia moja ya bugali kulinifanya nigeuze uso kidogo.

Baada ya chakula, chukudu. Hapo kulikuwa na ugomvi, siwafichi. Wakubwa walitaka kupanda kwanza, na mtoto mmoja wa mwenyeji alisema chukudu ni ya mji wao. Yule kijana wa Kirumba hakubishana. Alipiga goti juu ya ubao, akasukuma kwa mguu mara mbili, akashuka mteremko akipinda kushoto na kuume, akasimama kwa kukandamiza mguu juu ya gurudumu la nyuma, mbele kabisa ya yule mbishi. Halafu akamwambia: “Panda, nitakushika.” Ugomvi ulikwisha. Kila mtoto alipanda mara mbili, mmoja anasukuma na mwingine anashika usukani, na sisi tuliweka watu wawili chini ya mteremko. Mmoja alichubuka goti. Wakaita chukudu ya kwanza Farasi, na ya pili Tembo.

Tulirudi saa tisa. Tuliwahesabu kwenye mlima, tukawahesabu katikati ya njia, tukawahesabu kwa mkuu wa kartie: 32. Yule mama alihesabu pia, kwa kidole, peke yake.

Sitawadanganya kwamba tangu siku ile kila kitu ni kizuri. Mwenye kiwanja bado anasema peke yake usiku. Choo bado ni kimoja. Lakini kwenye chanzo cha maji watoto sasa wanapanga bidoni kwa kufuata vikundi vya mlimani, nane nane, na mtu mkubwa anayeruka mstari anapigiwa kelele na wote. Na wazazi wawili waliokuwa hawasalimiani walikutana kutafuta watoto wao jioni, wakawakuta nyuma ya nyumba wakijenga chukudu ndogo kwa mbao za sanduku.

Viongozi, ninyi mna neno la kufanya. Mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mapatano ya Haki za Mtoto, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1990 ikiwa bado inaitwa Zaire, na tuna sheria yetu wenyewe ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009. Hatuwaombi pesa. Tunawaombeni ruhusa iliyoandikwa, mtu mmoja wa kartie atakayetembea nasi, na mlima mnaoujua kuwa ni salama. Pasipo usalama, msiende. Kama kuna habari mbaya wiki ile, vunjeni safari bila haya, pikeni ndani ya kiwanja cha shule au cha parokia. Wandugu wa Beni, wa Mulekera na Bungulu, wa Beu na Ruwenzori, ninyi mnajua kwamba mlango wa mji wenu una siku zake. Kiwanja cha shule kinatosha, na mafiga matatu yanapatikana popote.

Nanyi wazazi mliokimbia, msiseme: sina cha kumpa mtoto abebe. Mtoto aliyebeba kuni mbili amebeba kama wengine. Changanyeni watoto kwa kabila na kwa kijiji, Wanande na Wambuba, Walese, Wapakombe, Watalinga, Wambuti, Wahutu, na lugha ya sufuria iwe ile wanayokubaliana wenyewe. Siku ile mlimani msichana wa Kilese alijifunza kusema wasingya, na tangu hapo anaisema hata kwa mbwa.

Safari ya pili itakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama mkuu wa kartie atatupatia neno lake siku ya Alhamisi. Tunahitaji chukudu ya tatu, kwa maana majina ya watoto yamefika 50. Mwenye nayo asiogope kuiazimisha: yule kijana wa Kirumba anajua kutengeneza magurudumu, na ameahidi kupaka mafuta kabla ya kuirudisha.